Kabla hujawasha injini mpya ya ndege, jua utaizimaje

Fundi mwenzangu, hasa wewe unayekaribia kufunga injini yako ya kwanza: usijipe moyo kwamba ndege haitoki chini basi hakuna baya litakalotokea. Mimi nilijipa moyo hivyo, mpaka siku nilipowasha Cessna 172 tuliyoifungia injini ya Lycoming O-320 iliyotoka kufanyiwa ovaholi (kufumuliwa na kukarabatiwa yote).

Iliwaka vizuri. Presha ya oili ilipanda mapema (isipopanda ndani ya sekunde 30, zima, usisubiri). Nikaiacha ipate moto kwenye mizunguko 1,000 kwa dakika. Nilipoongeza kidogo, ikaendelea kupanda yenyewe. Nikavuta throtli, kishikio cha kuongeza na kupunguza nguvu ya injini, haikusikia. Kabari za magurudumu zikaanza kuteleza kwenye lami, na kijana wetu wa mafunzo amesimama pale mbele na mtungi wa kuzimia moto. Nikavuta kishikio chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa, injini ikakata.

Kilichoninyima usingizi ni kwamba waya wa throtli na wa mchanganyiko tulizifunga siku moja, mikono ileile. Ungekuwa wa pili nao una kasoro, ningebaki na koki ya mafuta, ambayo haikati papo hapo kwa sababu kabureta ina akiba yake, na magneto, vifaa vinavyozalisha umeme wa cheche za injini.

Na magneto nazo zina mtego. Hazihitaji betri, swichi huzizima kwa kuziunganisha na bodi ya ndege kupitia waya mmoja mwembamba. Ukisahau kuuunga, swichi inasoma OFF lakini magneto iko hai, na anayesogeza propela kwa mkono anaweza kupoteza mkono au maisha. Wakati wa kupima magneto moja moja kwa swichi, 172 nyingi za zamani hupimwa kwenye mizunguko 1,700, na mizunguko isishuke zaidi ya 125 kwa kila magneto. Fuata kitabu cha ndege yako. Kuna wanaofurahi wakiona haishuki hata kidogo. Hiyo si afya ya injini, ni dalili kwamba huenda waya haukuungwa. Kabla ya kuzima, ikiwa kwenye mizunguko ya chini kabisa, zungusha swichi hadi OFF kwa sekunde moja tu: lazima ioneshe kukata.

Siku hizi siwashi mpaka mtu mmoja asogeze vishikio ndani, na fundi mwingine, ambaye hakuzifunga nyaya hizo, atazame kwenye kabureta kama vikono vinavyovutwa na nyaya hizo vinagota mwanzo na mwisho. Mkia naufunga kamba. Pua naielekeza kwenye upepo, changarawe zinafagiliwa, kiti nahakikisha kimejifunga kwenye reli yake, na mwenye mtungi anasimama pembeni, mbali na propela, mahali ninapomwona.

Kuwasha kwa mara ya kwanza kuwe kwa muda mfupi. Ndege iliyosimama haipati hewa ya kutosha ya kupoza silinda, na ringi mpya huharibika kwa joto. Zima, toa funguo, fungua kava, utafute petroli inayovuja kabla hujawasha tena.

Sisi tulipofungua kava siku ile, boliti ya waya wa throtli ilikuwa imechomoka. Pini ya kufungia nati yake ilikuwa bado kwenye trei yangu.