Noah yetu itavuta karavani mpaka Iringa?

SWALI: Habari za kazi kaka. Sisi tunakaa Kisasa hapa Dodoma, gari yetu ni Noah ZRR70 ya cc 2000, na nyumbani tuko sita pamoja na mama mkwe. Kuna jirani anahama, anauza karavani yake ndogo, kibati chake kinasema ikiwa tupu ni kilo 890 na mwisho wa mzigo 1,200, ina breki zake. Tunataka likizo ya Desemba twende nayo Iringa kwa njia ya Mtera, afu Ruaha. Fundi wetu anasema Noah inavuta bila shida, atatuchomelea ndoano kwenye bampa. Mume wangu ameshakubali ila mi roho inasita. Tununue?
Mama wa Kisasa

JIBU: Dada, sikiliza hiyo roho yako na hela usitoe kwanza, na hili jibu naomba baba watoto alisome pia.

Fundi hajadanganya kwenye kuvuta. Pale tambarare Noah italisogeza hilo tela na mtafurahi kabisa. Ila mtu akisema gari inavuta bado hajakwambia inabeba kiasi gani, wala kama itasimama mnapohitaji isimame, na familia zinaumia kwenye hayo mawili.

Tafuta ile karatasi ya Japani iliyokuja na gari, uangalie uzito wa gari tupu na uzito wa jumla. Noah kama yako mara nyingi inakuwa kama 1,580 tupu na kama 2,020 jumla (tumia namba za kwako, zinatofautiana). Ukitoa unapata 440. Unajua hiyo 440 imetoka wapi? Kule wanahesabu kilo 55 kwa mtu, mara viti 8, basi, hakuna begi humo wala dumu la maji, na watu wazima wa kilo 55 kwenye familia zetu ni wangapi jamani.

Sasa tukadirie: baba 85, wewe 70, mama mkwe 65, watoto watatu kwa pamoja 110, tayari ni 330 na umebakiwa na 110. Madumu mawili ya maji ya lita 20 ni kilo 40, ndoano na vyuma vyake kama 25, imebaki 45 na nguo hujapakia. Afu ndo inakuja karavani, ule mkono wake wa mbele unakandamiza mkia wa gari, na ili itulie barabarani inatakiwa ikandamize angalau kama asilimia 10 ya uzito wake, yani ikijaa mpaka 1,200 ni kilo 120. Wewe una 45. Umezidisha 75 kabla hata ya begi la kwanza. Na asije mtu akakwambia mhamishie mizigo nyuma ya ekseli ya tela ili mkono uwe mwepesi, tela jepesi mbele linaanza kuyumba, mwendo ukiongezeka linaanza kuliendesha gari lenyewe na usukani unakuwa wa bure.

Giaboksi yako ni CVT (otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za kawaida), mzigo mzito kwenye mlima mrefu unaichemsha, na watengenezaji wengi gari za CVT wanaziwekea kikomo kidogo cha kuvuta au wanakataza. Kama kitabu cha gari hakina kiwango cha kuvuta chukulia hairuhusiwi. Fundi hawezi kukiongeza kwa moto wa kuchomelea. Na kwenye bampa ndo kabisa hapana! Noah haina chasisi ya peke yake kama Prado, bampa ni plastiki. Ndoano ya kweli inafungwa kwa bolti kwenye sehemu ngumu za bodi, imetengenezwa kwa modeli hiyo, na ina kibati cha uzito wake.

Halafu fikiria njia yenyewe. Dodoma tupo juu ya mita 1,100, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hapo nyumbani tu kama asilimia 10 imeshaondoka. Mnashuka mpaka bwawa la Mtera, mnapanda Nyang'oro na zile kona zake, na Iringa mjini iko juu zaidi ya 1,500. Kupanda mtapanda polepole. Mi naogopa kurudi, mnashuka Nyang'oro na tani nzima inawasukuma mgongoni, breki zikichemka kanyagio linazama na watoto wako ndani.

Kama mnaitaka sana karavani basi tafuteni gari ya chasisi. Prado za 120 na 150, kwa soko la Australia, nyingi ziliandikiwa kilo 2,500 kwa tela lenye breki na 750 tu kwa lisilo na breki, ona breki za tela zilivyo na maana. Hata hiyo mfanye hesabu ya watu na mizigo hivyohivyo.

Na jirani asiwaharakishe. Ile 890 ni ya kiwandani, watu huongeza betri, mtungi wa gesi na tenki, kwa hiyo ivutwe na gari inayoiweza mpaka kwenye mzani wa malori mjue ukweli. Mkono unapimika hata nyumbani: karavani ikiwa imepakiwa na imekaa sawa, weka mzani wa kupimia watu upande mmoja na tofali la kimo hichohicho upande wa pili, laza ubao mgumu juu yake, mkono ukae katikati kabisa, utakachosoma zidisha mara mbili. Matairi soma zile namba nne za mwisho ubavuni, 2316 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2016, hayo hata yakiwa na kashata mpya usiyapeleke Iringa. Breki mwambie azifungue mzione, tela lililokaa uani muda mrefu breki zake hushika kutu. Afu aonyeshe kadi ya TRA ya tela lenyewe, namba ya gari yenu haitoshi.