Jibu: Tokeni zimetoka, picha hazionekani OpenSea

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, kadi zenu za ERC-721 (kiwango cha tokeni za kipekee, yaani NFT) zimetoka salama kwenye Polygon (mtandao wa blockchain), wateja wanazo pochini, ila OpenSea (soko la NFT mtandaoni) inaonyesha kisanduku kitupu mahali pa picha.

Usiguse picha kwanza. Fungua mkataba (programu iliyotoa tokeni) kwenye Polygonscan (tovuti ya kukagua Polygon), sehemu ya Read Contract, uite tokenURI (kazi inayotoa anwani ya faili la maelezo ya tokeni) kwa namba 1, kisha soma jibu herufi kwa herufi. Msimbo wa OpenZeppelin (maktaba ya mikataba ambayo wengi huitumia) huunganisha baseURI (mwanzo wa anwani) na namba ya tokeni bila kuongeza chochote. Kwa hiyo baseURI isipoishia na mkwaju (/), namba inagandana na CID (kitambulisho cha folda kwenye IPFS, mtandao wa kuhifadhi faili) na anwani inakufa. Na kama faili linaitwa 1.json huku mkataba unatoa 1 tupu, halipatikani. Hapo ndipo wengi hukwama.

Anwani ikiwa sawa, ifungue kupitia lango la IPFS (tovuti inayosoma faili za IPFS) ukitumia kompyuta nyingine. Ikigoma, huenda hakuna nodi (kompyuta ya mtandao huo) inayolishikilia folda lenu muda wote. Kupakia mara moja hakutoshi, lazima huduma ya kushikilia faili (pinning) ilibakize hewani. Ndani ya faili la json, "image" ianze na ipfs://.

Ukihariri hata herufi moja, CID inabadilika, hivyo utahitaji setBaseURI (kazi ya kubadilisha baseURI). OpenZeppelin haikupi hiyo, ni lazima muwe mliiandika wenyewe. Kama haipo na mkataba hauboresheki, itabidi mtoe mkataba mpya na kuwabadilishia wateja tokeni. Waambieni mapema, kabla hawajaanza kuuziana.

Baada ya kurekebisha, bonyeza kitufe cha kuonyesha upya metadata (maelezo ya tokeni) kwenye ukurasa wa tokeni huko OpenSea.