Ricardo nilimuelewa nikiwa nalima shamba la kukodi

Mkuu umeuliza kama akina Adam Smith na David Ricardo, wale wachumi wa zamani wa Uingereza, wana lolote kwetu sisi nchi zinazoendelea kuhusu pengo la matajiri na maskini, au ni historia ya Uingereza tu. Mimi nasema wanalo, tena kubwa.

Nimelima shamba la kukodi misimu minne. Mwanzoni magunia tulikuwa tunayabeba kichwani mpaka njia kuu maana gari halifiki, halafu barabara ikachongwa, wanunuzi wakawa wanakuja mpaka shambani, nikajua sasa nimetoboa. Msimu uliofuata mwenye shamba akaja, akasimama pale kwenye kona akaiangalia barabara, akapandisha kodi, na alichoongeza kilikaribia kumeza faida yangu yote mpya. Hajashika hata jembe! Kukataa sikuweza, nyuma yangu kuna watu kibao wanaisubiri hiyo ardhi.

Sasa soma kitabu cha Ricardo cha 1817, ndo hilohilo. Watu wakiongezeka wanalazimika kulima hadi ardhi mbovu, chakula kinapanda bei, mwenye ardhi nzuri anavuna kodi bila jasho, faida ya mwenye mtaji inabanwa na kibarua anabaki na cha kula tu. Ndo maana alipinga sheria za nafaka za Uingereza zilizozuia ngano ya nje, zilikuwa zinawanenepesha wenye mashamba. Zilifutwa 1846, yeye keshafariki.

Smith naye anasingiziwa sana kwamba aliwatetea matajiri tu, kitabu chake cha 1776 kinasema wazi jamii haiwezi kustawi kama walio wengi ni mafukara.

Kinachoniuma ni hii hoja ya kwamba uchumi ukue kwanza, pengo litajiziba lenyewe. Watu wanaiegemeza kwa makala ya mchumi Kuznets ya 1955 wakati mwenyewe aliandika kuwa makala yake ni asilimia 5 data na 95 makisio. Na mchumi Arthur Lewis, mzaliwa wa kisiwa cha Saint Lucia, mwaka mmoja kabla alishaonesha kwamba penye watu wengi wasio na kazi ya maana ujira haupandi hata viwanda vikipata faida, kwa sababu ukiacha wewe kuna mwingine yuko mlangoni.

Taiwan hawakusubiri. 1949 waliweka kikomo, mwenye shamba asichukue zaidi ya asilimia 37.5 ya mavuno ya zao kuu, na 1953 wakaanza kuwauzia wakulima ardhi yenyewe. Kingekuwepo kikomo kama hicho mwaka ule barabara ilipochongwa, mimi nisingeliacha lile shamba.