Apu ya kuhesabu vitu vya mfukoni: maswali yenu nimeyajibu

Wiki mbili zimepita niliandika hapa juu ya vitu ambavyo mtu wa Nairobi hutoka navyo nyumbani kila siku, na katikati nikataja kwa kupita tu kwamba siku hizi kuna apu za kuweka rekodi ya hivyo vitu, yaani uko na tochi gani, kisu gani, ulinunua lini na pesa ngapi. Ilikuwa sentensi moja. Karibu maswali yote yaliyokuja ni ya hiyo sentensi, kwa hivyo wacha tuingie.

"Nafanya kazi ya ofisi Upper Hill na naishi Umoja. Hubeba simu, funguo, waleti, tochi ndogo, pawabenki, kalamu na kisu cha kukunja. Boi wangu amenionyesha apu yake, kila kitu kina picha na uzito mpaka gramu. Nami nianze?"

Vitu saba? Hapana bana. Saba unavimaliza na vidole ukiwa bado umesimama mlangoni unafunga kufuli.

Na usidhani naongea tu, nimejaribu hizi mambo na nilizijaribu kama mwenda wazimu. Karibu mwaka mzima. Nilipima mpaka kalamu kwa mizani ya jikoni (mke wangu akaniuliza kama nimeanza biashara ya dhahabu), nikapiga picha za funguo juu ya kitambaa cheusi ndio zikae poa, ikafika mahali kwa apu niko na vitu 38 na kwa mfuko niko na sita. Sasa asubuhi moja nimeshuka Kencom, nimetembea mpaka kwa jengo nilikuwa nimeitwa, askari wa mlangoni anataka kitambulisho, napapasa nyuma, napapasa mbele, waleti imebaki nyumbani kwa kiti. Nikafungua apu. Apu inasema waleti iko, ya ngozi, rangi ya kahawia, gramu 94. Na kweli ilikuwako! Ilikuwa inaota jua kwa kiti sebuleni. Hapo ndio nikaelewa hii kitu inajua vitu nilivyo navyo, lakini vitu nilivyobeba leo haina habari, na mimi shida yangu siku zote imekuwa hiyo ya pili.

Dawa ni kujipapasa. Kila kitu kiwe na mfuko wake na kisihame: simu mbele kushoto, funguo mbele kulia, waleti popote ila nyuma, kwa sababu ukipita pale kati ya Archives na Odeon saa kumi na mbili jioni na waleti ya nyuma, wewe umetoa sadaka. Ukizoea hivyo miezi miwili, siku funguo hazipo mguu wenyewe unakuambia, unasikia suruali imekuwa nyepesi upande mmoja.

Kwa hio orodha yako, kitu ningeandikia tarehe ni pawabenki peke yake. Betri za lithiamu huzeeka, na baada ya kuchajiwa kikamilifu kama mara 300 hadi 500 nyingi hubaki na asilimia 80 hivi ya nguvu zake, halafu unaanza kulaumu kebo. Lakini hata hiyo tarehe, bandika kipande cha selotepu nyuma ya pawabenki uandike na kalamu. Umemaliza.

"Mimi ni fundi wa stima, niko Rongai. Kwa mjengo vitu hupotea kila wiki, leo ni plaisi, kesho testa, juzi multimita ya pesa mingi. Apu itanisaidia?"

Fundi, wewe swali lako ni tofauti kabisa na la huyo wa ofisi, na nimelipenda, kwa sababu wewe vitu ndio mkate. Mtu wa ofisi akipoteza kalamu anaomba ingine. Wewe ukikosa testa unagusa waya na imani.

Kwako rekodi ni lazima, lakini apu yenyewe naona itakuchelewesha. Fikiria ni saa kumi na moja jioni, mvua inakaribia, lori la kuwarudisha limeanza kunguruma, mikono yako ina simiti, ati sasa ndio utafungua apu uanze kutia tiki kwa kifaa kimoja kimoja mpaka 26? Utafanya siku tatu. Ya nne utasema kesho.

Ile kitu nimeona mafundi wakifanya na inafanya kazi ni picha. Asubuhi kabla ujaanza, fungua begi, panga kila kitu juu ya gunia au kipande cha plaiwudi, piga picha moja. Jioni panga hivyo hivyo, mpangilio ule ule, angalia na ile picha ya asubuhi. Pengo linajitokeza lenyewe, macho ya mtu huona nafasi tupu haraka kuliko vile husoma orodha. Dakika mbili, na ukiona pengo bado uko site, bado foman yuko, bado yule kijana uliyemwazima koleo hajapanda gari.

Halafu tia alama. Rangi ya kucha, ile nyekundu ama ya bluu yenye kungʼaa, mistari miwili kwa kila mpini, haitoki haraka na hakuna fundi mwingine ataamka asubuhi apake hiyo yake. Kwa mjengo plaisi zote ni ndugu, zote zimetoka Nyamakima ama Kamukunji, bila alama utabishana na mtu mpaka mjuane majina ya ukoo.

Mahali ningekubali jedwali ndogo kwa simu, hata ile ya bure ya Google Sheets, ni vifaa vya bei: drili, grainda, multimita. Hivyo huwa na namba ya seriali imebandikwa kwa kibati kidogo ama stika, na hiyo stika kwa grainda huisha haraka kwa sababu ya vumbi na mafuta, kwa hivyo piga picha yake siku ya kwanza ikiwa bado inasomeka. Piga na risiti pia, maana zile risiti za mashine hufifia zikiwekwa karibu na joto, mwaka ukiisha umebaki na karatasi nyeupe na waranti bado iko. Kama ulilipa na M-Pesa usifute ile meseji. Ukiifuta, statimenti unaweza kuomba kupitia *334#.

Na ukiazima mtu kifaa, usiandike popote. Mpige picha akiwa amekishika. Mtu aliyepigwa picha na drili yako hurudisha drili, sijui kwa nini, lakini hurudisha.

"Niko chuo Juja. Hizi apu za kurekodi ni sawa na vile vidude vya AirTag vya kutafuta kitu kimepotea? Naweza weka moja kwa begi?"

Si sawa, na watu wengi wanachanganya. Apu ya kurekodi ni daftari. AirTag ni kama mbuzi aliyefungwa kengele, na kengele lazima iwe na mtu karibu wa kuisikia.

Hako kadude hakana GPS wala laini ya simu. Kanatoa mlio mdogo wa Bluetooth, iPhone ya mtu yeyote ikipita karibu inasikia, inatuma mahali ilipo kwa Apple bila huyo mtu kujua, na wewe unaona kwa ramani yako. AirTag ilitoka 2021 na inataka uwe na iPhone. Sasa jiulize, kwa ile mat yako ya Thika Road iPhone ni ngapi? Tao unaweza bahatika, ukiingia ndani mashinani kimya kinaanza. Google nao walianzisha mtandao wao wa namna hiyo 2024, unatumia simu za Android kuanzia toleo la 9, na kwa hesabu ya simu zilizoko mikononi mwa watu hapa kwetu huo ndio ningeangalia kwanza, mradi ununue kidude kinachoelewana nao, kwa sababu cha Apple hakiongei na huo na cha huo hakiongei na Apple.

AirTag inatumia betri ya CR2032, ile bapa kama sarafu, na inakaa kama mwaka. Ukinunua ya kubadilisha uliza kama imepakwa ile dawa chungu ya kuzuia watoto kumeza, kwa sababu Apple wenyewe wanasema zingine za aina hiyo huenda zisifanye kazi ndani yake. Hapa basi tarehe ya kuweka betri iandike, weka kikumbusho cha kalenda cha miezi kumi na moja na usahau.

Na tafadhali, begi ikiibwa na ramani ikuonyeshe iko ndani ya ploti fulani, usiende peke yako na hasira. Piga ripoti polisi kwanza, uende nao. Begi ni begi.

"Mume wangu ana tochi nne na juzi ameagiza ya tano, ati apu imemwonyesha kwamba mkusanyo wake una pengo. Sisi tuko Donholm, stima hupotea lakini si hivyo. Nimwambie nini?"

Dada yangu, pole, na mwambie nimesema ajue hiyo apu si rafiki yake. Nyingi ziko na sehemu ya vitu vya kutamani, unaweka leo, kila ukifungua unakiona kinakungojea, na zingine ziko na linki ya duka pale pale chini. Mimi mwenyewe kisu changu cha tatu nilinunua hivyo, na hakijawahi kukata hata embe.

Usimwambie afute, mtagombana. Mwambie aongeze safu moja: tarehe ya mwisho kukitumia. Ajaze kwa ukweli. Tochi mbili zitakuwa na tarehe ya wiki iliyopita stima ikipotea, hizo zingine atakuna kichwa. Zile mbili za ziada, moja iende kwa mamake ushago, ingine ikae jikoni karibu na mita ya tokeni, kwa sababu token huisha usiku tu, sijawahi ona ikiisha mchana. Na kama zina betri za kawaida za kununua dukani, atoe betri kwa ile haitumiki, zikikaa ndani miezi mingi huvuja ule ungaunga mweupe unaokula springi.

"Ni salama kuweka picha ya kitambulisho na namba za vitu vyangu kwa hizo apu?"

Namba ya seriali ya tochi, hakuna shida. Kitambulisho, usiweke. Na orodha nzima ya vitu vya bei ikiwa na picha, bei, na ramani ya nyumbani, hiyo umeandikia mwizi menyu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na kuna ofisi ya kamishna wa data ya kulalamikia, ni vizuri, lakini ofisi hukusaidia baada ya mambo kumwagika.

Kitu cha kuhifadhi bila kukosa ni IMEI ya simu, yaani namba yake ya kipekee ya utambulisho. Bonyeza *#06#, inakuja namba yenye tarakimu 15, ziko mbili kama simu ni ya laini mbili. Ziandike mahali ambapo si ndani ya hiyo simu! Nimekutana na watu wawili wenye walikuwa wameipiga skrinishoti ikabaki kwa galari ya simu ile ile iliyoibiwa. Jitumie kwa barua pepe, ama andika nyuma ya boksi. Ukienda kituoni kuchukua abstrakti utaulizwa, na ukiwa nayo mazungumzo yanakuwa mafupi.

"Nasafiri Mombasa na treni ya SGR mwezi ujao. Apu inaweza nikumbusha cha kuacha?"

Ujumbe mmoja kwako mwenyewe kwa WhatsApp unatosha: kisu kibaki. Pale stesheni ya Syokimau mizigo inanuswa na mbwa na kupita kwa mashine, na kisu hata kiwe kidogo kiasi gani utakiaga hapo hapo. Ukienda na ndege, kisu kinaweza kukaa kwa begi la kuingia chini, pawabenki kinyume chake, inakaa na wewe juu, na mpaka wati-saa 100 (kipimo cha nguvu betri inaweza kubeba) hakuna anayekusumbua. Ya 20,000 mAh ni kama wati-saa 74, kwa hivyo uko sawa.

"Nina miaka 67, nimeandika vitu vyangu kwa kitabu tangu nianze kazi. Kijana wangu anasema nihamie kwa apu."

Mzee, heshima yako. Hicho kitabu kimefunguka leo bila bando na bila kuombwa paswadi, kiache kilivyo. Kitu kimoja tu ningeomba, huyo kijana achukue simu yake apige picha kila ukurasa, Jumapili moja tu, azihifadhi kwake. Na akimaliza amsomee mzee kwa sauti zile za zamani, nina hamu kujua baiskeli ilikuwa pesa ngapi.