Sgt. Pepper ningeongeza mbili tu

Umeuliza tungeongeza nyimbo gani kwenye Sgt. Pepper, albamu ya Beatles ya 1967. Mimi sihangaiki: "Strawberry Fields Forever" na "Penny Lane". Zote zilirekodiwa mwanzoni mwa kazi ile ile, ila kampuni ilitaka singo, yaani nyimbo za kuuzwa peke yake, zikatolewa Februari na kuachwa nje ya albamu. George Martin mwenyewe, mtayarishaji wao, alikuja kukiri kwamba alikosea vibaya.

"Strawberry Fields" ningeiweka ifungue upande wa pili wa santuri, kabla ya sitar (ala ya nyuzi ya Kihindi) za George Harrison wa Beatles. Isikilize kwa hedfoni: karibu na dakika ya kwanza utasikia pale walipounganisha rekodi mbili zilizotofautiana mwendo na ufunguo wa muziki. Sauti ya mwimbaji, John Lennon, inakuwa nzito ghafla, kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Penny Lane", na ile tarumbeta ndogo yake, iende upande wa kwanza baada ya "Getting Better".

Santuri ingetosha? Ingetosha. Kutoka dakika 40 hivi tungefika 47, ingawa mifereji inayopitiwa na sindano ingebanana na sauti ingepungua kidogo.

"Only a Northern Song" ya Harrison waliikata, na hapo nawaunga mkono. Kinachonisumbua ni hiki: watoto wa Liverpool wanaimba mitaa waliyokulia, halafu "Strawberry Fields" na "Penny Lane" ndizo zinaachwa! Ila "A Day in the Life" ibaki mwisho. Baada ya ule mlio wa mwisho wa piano huwezi kuweka kitu, jamani.