Kesi ya shamba la urithi: hesabu miaka tangu siku mzee alipofariki

Jamani pingamizi lao limetupwa! Wiki iliyopita baraza la ardhi na nyumba la wilaya limekataa hoja ya wakili wa upande wa pili kwamba tumechelewa kufungua kesi, kwahiyo sasa ile kesi ya shamba la marehemu baba kule Mkuranga inaenda kusikilizwa yenyewe na mashahidi wetu wataitwa. Meseji zimekuwa nyingi, wengi mna mashamba ya wazazi yameshikwa na watu, ndo maana naandika.

Baba alifariki 2013 akiwa analima palepale, minazi na mikorosho yake mwenyewe. 2016 baba mdogo akauza. Hakumuuliza mama, hakutuuliza sisi, tulimkuta mnunuzi anapiga nguzo. Kaka yetu mkubwa akasema tusipelekane mahakamani na mdogo wake baba, ni aibu, tuyamalize kindugu. Basi ikawa kila Idi kikao, kila msiba kikao, na kila kikao baba mdogo anasema tuvute subira. Mimi ndo nilikataa. Nikaitwa mtoto asiye na adabu mbele ya ukoo mzima, na mpaka leo kuna watu hawapokei simu yangu, ila sijutii hata kidogo. Nikaenda mahakama ya mwanzo na muhtasari wa kikao cha ukoo, nikateuliwa msimamizi wa mirathi, tukapita baraza la kata kwenye usuluhishi ukashindikana, 2024 tukafungua.

Hapo ndo wakili wao akaja na pingamizi. Akasema hawa wanaomba tamko tu kwamba shamba ni la marehemu, na kesi ya kuomba tamko ukomo wake, yaani muda wa mwisho wa kuifungua, ni miaka 6. Na kweli Sheria ya Ukomo ya hapa Tanzania, Sura ya 89, ndo inavyosema! Mama alinishika mkono nikahisi anatetemeka. Wakili wetu akasimama akasema yasomwe maombi yetu mpaka mwisho, tumeomba tamko, tumeomba mnunuzi aondoke na tumeomba turudishiwe shamba, hii ni kesi ya kudai ardhi na ukomo wake ni miaka 12. Baraza likakubali.

Kwahiyo ndugu yangu usiende kuomba mahakama itamke tu kwamba wewe ndo mmiliki halafu ukanyamaza. Omba na ardhi yenyewe.

Sasa hili wengi hawalijui na linaniuma sana nikiona familia zinapotea. Kama mzee alikuwa anaimiliki na kuitumia ardhi hiyo mpaka anafariki, miaka 12 inaanza siku aliyofariki. Haianzi siku mlipojua imeuzwa, wala siku msimamizi alipoteuliwa. Sheria inamhesabu msimamizi kana kwamba alikuwepo tangu siku ya kifo, kwahiyo mkikaa miaka 10 bila kuteua mtu, hiyo 10 imekwenda. Vikao vya familia navyo havisimamishi muda, hata viwe mia.

Na usidhani utaomba uongezewe muda. Kwenye rufaa unaweza kuomba mahakama ukiwa na sababu za msingi, ila kwa kufungua kesi mpya mahakama haina uwezo huo, ni Waziri wa Sheria akishashauriana na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na hawezi kuzidisha nusu ya muda uliowekwa. Ukichelewa kesi inafutwa hata kama mpinzani wako hajasema kitu.

Mengine kwa haraka. Anayeshtaki ni msimamizi wa mirathi, sio mtoto yeyote mwenye uchungu. Mshtaki aliyeuza na aliyenunua, wote wawili. Eleza shamba liko kitongoji gani, limepakana na nani kila upande. Na kama aliyechukua ni halmashauri ya kijiji, hapo unawapa kwanza notisi ya siku 90 kwamba utawashtaki, Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye kesi na unaenda Mahakama Kuu, usipoteze nauli kwenda baraza la wilaya.

Nawaambia ukweli, heshima kwa wakubwa ni wajibu na mimi nimelelewa hivyo, lakini anayekwambia subiri huku yeye anakula hela ya shamba la baba yako hakuheshimu wewe wala marehemu. Amkeni.

Na wewe dada wa Kibaha uliyeniandikia kwamba mzee wenu alifariki 2015 akiwa anaishi kwenye kiwanja chake, na mnamsubiri shangazi arudi kutoka Oman ndo mkae kikao, 12 yenu inaisha 2027. Mpigieni simu atoe maoni yake hukohuko, muandike muhtasari, mmoja wenu ateuliwe. Akirudi akute kesi ina namba.