Mkia wa mbweha usivuke ukingo wa kadi

Umeuliza kama mkia wa mbweha wa karatasi unayembandika kwenye kadi unaweza kutokeza nje ya ukingo. Hapana, usiuache utokeze. Kanuni isiyo na mjadala kwenye kadi hizi za wasanii za kubadilishana (ATC) ni kipimo: inchi 2.5 kwa 3.5, yaani takriban milimita 64 kwa 89, sawa na kadi za wachezaji wa besiboli. Ndivyo zilivyo tangu M. Vänçi Stirnemann alipozianzisha Zurich mwaka 1997, na ndiyo maana zinaingia kwenye zile kurasa za plastiki zenye mifuko tisa. Mkia ukizidi hata kidogo utakunjika au kuchanika mtu akiitia kadi mfukoni.

Kama umbo lililokatwa kwa mashine ni kubwa kuliko kadi, libandike hivyo hivyo, geuza kadi, kisha kata ziada kwa kufuata ukingo. Binafsi naona mnyama anayechungulia kutoka pembeni hupendeza kuliko aliyepachikwa katikati kama stempu. Unene hauna kikomo rasmi, ila ukiweka shanga au vifungo kadi haitaingia mfukoni, kwa hiyo muulize kwanza unayebadilishana naye. Rangi ya maji ipake na uiache ikauke kabisa kabla ya kubandika, la sivyo miguu myembamba ya mnyama itajikunja na kubanduka.

Nyuma andika jina lako, tarehe na jina la kadi. Ukiiuza si ATC tena. Za kuuza huitwa ACEO (Art Cards, Editions and Originals, yaani kadi za sanaa, nakala na za asili).